Kupanda na Kushuka Milima ya Kigoma kwa Baiskeli: Mwongozo wa Njia za Changarawe Kutoka Ziwani Hadi Manyovu na Kasulu

Huko Ulaya, uendeshaji wa baiskeli katika barabara za changarawe una uhusiano wa karibu na nchi za mizabibu. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti nchini Italia, ulianza msafara wa baiskeli za zamani uitwao L'Eroica, ambao waanzilishi wake walitaka barabara nyeupe za mashambani zisimezwe na lami. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya mchezo huu yalifanyika mwaka 2022 katika jimbo la Veneto, nchini humo humo. Anayetazama picha za vilima vile vilivyopambwa kwa mistari ya mizabibu anaweza kudhani kwamba njia zile zilichongwa kwa ajili ya watalii, kumbe zilichongwa kwa sababu nyepesi zaidi: zabibu huvunwa mlimani na huuzwa bondeni, hivyo ni lazima iwepo njia ya kuzishusha.

Sisi wa Kigoma hatuna mizabibu, kwani zabibu ni za Dodoma. Lakini tuna michikichi katika mabonde ya Mto Luiche na matawi yake, tuna kahawa na migomba katika vilima vya Kalinzi na Manyovu, na tuna watu ambao wamekuwa wakishusha mazao hayo kwa baiskeli tangu kabla ya yeyote kati yetu kusikia kwamba jambo hilo ni mchezo. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayetaka kuzipita njia hizo kwa baiskeli yake, kwa siku moja au tatu, akarudi ziwani akiwa mzima na baiskeli ikiwa nzima. Tangu mwanzo naomba msomaji akubali jambo moja ambalo mimi nililikubali nikiwa nimechelewa: katika milima hii, kupanda kunachosha tu, lakini kushuka ndiko kunakovunja. Sehemu kubwa ya maandalizi yanayofuata inahusu kushuka.

Hatua ya kwanza: Chagua majira na saa

Mvua za Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei, zikiwa na mapumziko mafupi katikati. Katika miezi hiyo udongo mwekundu wa milimani hugeuka utelezi juu na gundi chini, na baiskeli hujaa matope kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Miezi mizuri ni Juni na Julai, wakati ardhi imekauka lakini majani bado ni mabichi na vumbi halijawa unga. Agosti na Septemba njia hupitika vizuri, ila moshi wa mashamba yanayochomwa hujaa mabondeni, na changarawe iliyokaushwa na jua huwa legevu kama punje za mahindi sakafuni.

Kuhusu saa, mgeni kutoka Dar es Salaam au Moshi hukosea jambo ambalo wenyeji hatulifikirii. Kigoma iko mbali sana magharibi, lakini inatumia saa ile ile ya nchi nzima, hivyo jua letu huchelewa. Mwezi Juni na Julai jua huchomoza saa 1 na dakika 10 hivi asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Anayepanga kuondoka saa 12 kamili alfajiri, kama alivyozoea kwao, ataendesha gizani kwa muda mrefu katika barabara yenye bodaboda zisizo na taa. Ondoka saa 1 na nusu. Hutapoteza kitu, kwa sababu jioni nayo inakungoja.

Hatua ya pili: Ielewe ardhi kabla ya kuigusa

Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya upande wa Manyovu vinapita mita 1,500. Tofauti ya mita 700 au 800 si kubwa mno ukiisema kwa mdomo. Tatizo ni kwamba haipandwi mara moja: unapanda kilima, unateremka kwenye kijito, unapanda tena, na kila kijito kinakudai upya urefu uliokwisha kuulipa. Siku moja ya kutoka Kigoma mjini hadi Manyovu inaweza kukupandisha kwa jumla mita nyingi kuliko ramani inavyokuonyesha kwa kulinganisha mwanzo na mwisho.

Mgongo wa safari ni barabara kuu. Kutoka Kigoma mjini unafika Mwandiga baada ya kilomita 10 hivi, na hapo barabara ya lami ya kilomita zipatazo 60 inapanda kupitia Bitale na Kalinzi hadi Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi. Kutoka Manyovu unaelekea Buhigwe na Kasulu, mwendo wa karibu kilomita 68, na kutoka Kasulu unarudi Kigoma kwa njia ya Kidahwe, ambayo ni kama kilomita 90. Duara hilo linatosha siku 3 kwa mtu mwenye mazoezi ya kawaida.

Lakini lami ni mgongo tu, na changarawe ni mbavu zake. Kila baada ya kilomita chache utaona njia ya udongo inayochepuka kuelekea kijijini, kwenye shule, kwenye mtambo wa kumenyea kahawa au kwenye mashine ya kukamulia mawese. Hizo ndizo njia zinazotafutwa. Utaratibu ninaoupendekeza ni kutumia lami kupanda, kisha kuchepuka kwenye changarawe ukiwa juu, kukiwa bado asubuhi na miguu ikiwa na nguvu, na kurudi kwenye lami kabla ya saa 10 jioni. Anayeanza kwa mara ya kwanza asijitie ushujaa wa kufika Manyovu siku hiyo hiyo kupitia njia za vijijini tupu. Aishie Kalinzi, azunguke vilima vya pale, kisha arudi ziwani. Hiyo peke yake ni siku kamili.

Mazao yenyewe ni ramani. Ukiona michikichi mingi imesimama pamoja, majani yake yakichezea upepo na mikungu ikining'inia shingoni, ujue uko chini, karibu na maji, na kinachofuata ni kupanda. Kadiri unavyopanda michikichi hupungua, migomba huongezeka, na chini ya migomba unaanza kuona majani ya kahawa yanayong'aa. Ukifika hapo umekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni la siku.

Hatua ya tatu: Iandae baiskeli

Si lazima uwe na baiskeli iliyotengenezwa mahususi kwa changarawe, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Baiskeli ya milimani yenye gurudumu la 26 inatosha kabisa, na hapa Kigoma ina faida yake, kwa sababu tyubu zake zinapatikana hadi kwenye maduka ya vijijini. Kinachohitajika ni mambo manne: gia nyepesi, tairi pana, breki zinazoaminika na magurudumu yasiyoyumba.

Kuhusu gia, tafuta uwezekano wa kuwa na meno sawa mbele na nyuma, au nyuma yawe mengi kuliko mbele, kwa mfano meno 32 mbele na 36 au 42 nyuma. Ukiwa na meno sawa na ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, utakwenda chini kidogo ya kilomita 8 kwa saa. Mwendo huo unaonekana wa aibu, kwani hata watoto wa shule watakufuata wakikimbia na kukucheka, lakini ndio mwendo unaomfikisha mtu juu bila kushuka na kusukuma. Baiskeli nyeusi ya kawaida isiyo na gia inapandishwa milima hii kila siku, ni kweli. Ila mtazame vizuri mwenye nayo, utagundua kwamba anaisukuma kwa miguu yake mlima mzima.

Kuhusu tairi, upana wa milimita 40 ni wa kuanzia, na milimita 45 au 50 ni bora zaidi ikiwa fremu inaruhusu. Upepo ndio unaowakosesha wengi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 40 zenye tyubu anaweza kuanza na pisii (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye pampu) 35 mbele na 40 nyuma. Mwenye tairi za inchi 2.1 ateremke hadi 30 hivi. Tairi iliyojazwa ikawa ngumu kama jiwe hurukaruka juu ya kokoto, na gurudumu likiwa hewani halina breki wala usukani. Tairi laini kupita kiasi nayo hubana tyubu dhidi ya rimu unapogonga jiwe, ikatoboka matundu mawili yanayokaa sambamba kama alama ya kung'atwa na nyoka. Ukiyaona matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba, ongeza upepo.

Kabla ya kuondoka, kagua pia vali za tyubu zako, jambo dogo ambalo limewalaza watu njiani. Tyubu za 28 zinazouzwa vijijini kwa ajili ya baiskeli nyeusi zina vali nene. Tyubu hiyo ikilazimika inaingia ndani ya tairi la 700, yaani kipimo cha magurudumu ya baiskeli nyingi za changarawe, na kukufikisha, ingawa tairi la nje la baiskeli hizo haliwezi kuvaa rimu yako kwa kuwa vipimo vinatofautiana. Lakini kama rimu yako imetobolewa tundu jembamba la vali nyembamba za kisasa, tyubu ya dukani haitapita. Mwombe fundi apanue tundu hilo mjini, kwa keekee na kwa utulivu, kisha alisugue kwa msasa lisikate mpira. Kulipanua ukiwa Buhigwe, kwa msumari uliochomwa motoni, ni kazi nisiyomtakia mtu.

Vifaa vya kubeba ni tyubu 2, viraka na gundi, pampu, spana na funguo zinazolingana na skrubu za baiskeli yako, kiungo cha akiba cha cheni pamoja na kifaa cha kukatia cheni, pedi za breki za akiba, mafuta ya cheni, na kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kiganja. Kipande hicho huwekwa ndani ya tairi lililochanika ili tyubu isichomoze. Ongeza ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu mbovu. Wabeba mizigo wote wa Kigoma wanao, na unafunga karibu kila kitu.

Hatua ya nne: Jifunze kushuka

Hapa ndipo naomba subira ya msomaji, kwa sababu ndipo penye hatari.

Chukua mtu wa kilo 70 na umpe baiskeli na mizigo ya kilo 20. Akiteremka mita 800, nguvu ambayo mwili wake ulikuwa umeihifadhi kwa kupanda ni lazima iende mahali. Kama yote ingeishia kwenye breki, joto lake lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji. Upepo unaompiga kifuani huchukua sehemu ya kazi hiyo, lakini katika njia ya changarawe huwezi kwenda kasi ya kutosha ili upepo ukusaidie sana, hivyo breki ndizo zinazobeba. Breki zinazobana rimu hupasha moto rimu. Rimu hupasha moto tyubu. Na tyubu iliyojazwa upepo mwingi asubuhi yenye baridi hukuta mchana haina pa kutanukia.

Hilo lilinipata. Nilikuwa nimejaza tairi zangu ziwani hadi zikagoma kubonyea, kwa imani kwamba tairi ngumu haipati pancha. Nilipokuwa nikiteremka kutoka kilimani jirani na Kalinzi, nikiwa nimekamata breki mfululizo kwa dakika kadhaa kwa sababu ya woga, tyubu ya mbele ilipasuka kwa mlio uliowafanya kuku wa nyumba ya jirani watawanyike. Sikuvunjika kitu isipokuwa ngozi ya kiwiko. Nilisukuma baiskeli hadi kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa amekaa chini ya mwembe, na beseni lake la maji mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Pole."

Aliitoa tyubu, akaishika ilipopasuka, kisha akalibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, likagoma. Akanitazama.

"Upepo wote huu ulikuwa unaupeleka wapi?"

Hakungoja jibu. Alipunguza upepo wa nyuma kidogo kidogo, akibonyeza kila mara, mpaka tairi likakubali kuzama kiasi cha unene wa ukucha. Kisha alishika rimu ya mbele, ambayo mpaka wakati huo ilikuwa bado ina uvuguvugu, akaniwekea mkono wangu juu yake ili niuhisi mwenyewe. Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza ni kidole gumba, na pampu yenye mshale ni shahidi wa pili.

Kanuni za kushuka ni hizi. Simama juu ya pedali zikiwa usawa mmoja, moja mbele na moja nyuma, magoti na viwiko vikiwa vimelegea, na makalio yakirudi nyuma kidogo ya siti. Mwili wako ndio springi ya baiskeli. Ukikaa kitako kama gunia, kila jiwe linakwenda moja kwa moja kwenye rimu na uti wa mgongo. Punguza mwendo kabla ya kona na si ndani ya kona, kwa sababu gurudumu la mbele likibanwa huku limepinda juu ya kokoto huteleza bila kukuarifu. Tumia breki zote mbili, ubane kwa nguvu kwa sekunde chache, uachie, ubane tena, badala ya kuburuza breki moja kwa upole mlima mzima. Kuachia huko ndiko kunakoipa rimu nafasi ya kupoa. Na katika mteremko mrefu, simama kila baada ya kilomita 2 au 3, ushike rimu kwa tahadhari. Ikiunguza, kaa chini, kunywa maji, itazame nchi. Mwenye breki za sahani, zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu badala ya rimu, asijione amenusurika: tyubu yake ni salama zaidi, lakini sahani zake huunguza ngozi papo hapo zikiguswa, na pedi zake huisha upesi kwa vumbi hili jekundu linalosaga kama msasa.

Watazame wabeba mizigo. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa karibu kilo 18, na mtu huweza kufunga madumu 4 kwenye baiskeli moja, yaani zaidi ya kilo 70 bila yeye mwenyewe. Huyo katika mteremko mkali hapandi baiskeli kamwe. Hutembea pembeni yake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma kwenye mzigo, akiivuta kama anayemzuia ng'ombe mkaidi. Kama mtu anayepita njia ile kila wiki anaona busara kushuka, wewe uliyefika jana usione haya.

Hatua ya tano: Soma barabara iliyo mbele yako

Jicho liwe mita 10 hadi 15 mbele, si kwenye gurudumu. Changarawe hukusanyika katikati na pembeni, na magari huacha michirizi miwili migumu. Shika mchirizi wa kushoto, lakini masikio yawe nyuma. Kwenye kona zisizoona mbele usikatize katikati hata kama ndipo palipo laini, kwa maana bodaboda inayopanda hukatiza vilevile.

Makorongo yaliyochimbwa na mvua yakatwe kwa kuyakabili moja kwa moja. Ukiyaingia kwa mshazari, gurudumu hufuata korongo nawe unaanguka kifudifudi. Vijituta vidogo vidogo vilivyopangana kama ubao wa kufulia hupatikana zaidi kwenye michepuko inayopitwa na malori. Hapo tafuta ukingo, ambapo mara nyingi kuna upana wa kiganja usiotikisika. Mchangani, ambao utaukuta zaidi ukishuka upande wa Luiche na njia za kuelekea Ilagala, weka gia nyepesi kabla hujaingia, usibane breki ya mbele, na uendelee kukanyaga kwa utulivu hata baiskeli ikinesanesa.

Madaraja ya magogo na mbao yanahitaji neno la pekee. Mbao zikiwa zimelazwa kufuata urefu wa barabara, nafasi kati yake ni mtego kamili wa tairi. Shuka, vuka kwa miguu. Nimewahi kumsaidia mtu kuitoa baiskeli yake kwenye nafasi ya namna hiyo, na ilitubidi tutoe gurudumu kwanza.

Wakati wa kupanda, kaa kitini na uinamishe kifua mbele. Ukisimama kwenye kokoto legevu, uzito hutoka kwenye gurudumu la nyuma, nalo huzunguka mahali pale pale likirusha vijiwe.

Hatua ya sita: Kula na kunywa

Panga angalau nusu lita ya maji kwa kila saa, na robo tatu jua likiwa kali. Mtu aondoke na lita 2 na nusu, kisha ajaze vijijini. Maji ya chemchemi za milimani yanavutia macho, lakini weka kidonge cha klorini na usubiri nusu saa. Ukitoka jasho jingi, changanya katika lita 1 ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikiwa ya Uvinza, safari yako imekuwa ya Kigoma kwelikweli.

Chakula hakina shida. Mihogo ya kuchemsha, ndizi na maharage hupatikana karibu katika kila kituo chenye magenge, na ugali wa muhogo na migebuka ni wa kulia jioni, si mchana, kwa sababu mlima unaofuata shibe ya namna hiyo haupandiki. Asubuhi chapati 2 na chai ya maziwa zinatosha kwa saa 2 za kwanza. Baada ya hapo kula kidogo kila saa bila kungoja njaa.

Hatua ya saba: Ishi na watu wa njiani

Kigoma ni mkoa wa mpakani, na Manyovu ni mlango wa kwenda Burundi. Beba kitambulisho chako, na mgeni wa nje ya nchi abebe pasipoti yake, kwa kuwa kuulizwa na maofisa wa uhamiaji au polisi ni jambo la kawaida na lisilo na ubaya wowote kwa mwenye karatasi zake. Usifuate njia ya mguu usiyoijua karibu na mpaka kwa sababu tu simu inaonyesha kwamba inafupisha safari. Ikibidi ulale kijijini pasipo na nyumba ya wageni, nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti ujitambulishe.

Waha, wenyeji wa milima hii, wanasalimiana kwa kituo. Neno "Mwakeye" asubuhi, likisemwa huku umepunguza mwendo, hufungua njia kuliko kengele yoyote. Kwa wazee, shikamoo haina mbadala. Ukimuuliza mtu umbali atakujibu "hapo tu, mbele kidogo", na hakudanganyi: anapima kwa mazoea ya miguu yake. Uliza badala yake kuna vijito vingapi vya kuvuka kabla ya kufika. Jibu la swali hilo ni la kweli daima, na kila kijito ni mlima mmoja.

Muhogo ulioanikwa pembezoni mwa barabara ni chakula cha mtu, na kahawa iliyo kwenye vichanja ni ada ya shule ya mtoto wake, kwa hiyo usipitishe tairi karibu na kimoja wala usitimue vumbi juu ya kingine. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Anayerefusha safari hadi Uvinza au Ilagala, kwenye Mto Malagarasi, atakuwa amehama milimani na kuingia nyanda za joto. Huko mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi, hivyo vaa nguo za rangi nyepesi. Na mto una mamba na viboko, kwa hiyo kuoga ni kwa ndoo.

Hatua ya nane: Ukirudi ziwani

Usiiweke baiskeli ukutani ikiwa na vumbi lake. Futa cheni kwa kitambaa kikavu kabla ya kuimwagia mafuta mapya, kwa sababu mafuta juu ya vumbi jekundu hutengeneza uji unaosaga meno ya gia. Osha fremu kwa maji ya ndoo na sifongo, ukijiepusha na mashine za kuoshea magari zenye nguvu, ambazo husukuma maji hadi kwenye gololi. Zungusha kila gurudumu na ulitazame likipita kati ya pedi za breki. Likiyumba, fundi akaze spoku kabla ya safari nyingine. Kisha toa pedi na uzilinganishe na zile mpya ulizobeba. Baada ya duara zima la Manyovu na Kasulu, pedi zangu za nyuma huwa zimebaki karibu nusu, na za mbele chini ya hapo.